Damu ya Fizi Isidharauliwe

Mtu anunuaye ng'ombe mnadani humfungua kinywa kwanza, akamtazama meno, ndipo atoe fedha zake. Hajasoma shule ya mifugo, lakini ajua kwamba kinywa hueleza habari za mwili mzima. Ajabu ni kwamba mtu huyo huyo aweza kutema povu jekundu kila asubuhi apigapo mswaki, mwaka baada ya mwaka, na asishtuke hata kidogo. Kwake damu ya fizi ni jambo la kawaida. Kwa mganga wa meno hataenda mpaka jino limemnyima usingizi, na akienda huenda kuling'oa.

Lugha ya Kiswahili haikulala usingizi katika jambo hili. Ina neno ukoga, yaani utando laini uzukao juu ya meno yasiyosafishwa, na neno ugaga, yaani ukoga uliokwisha kuwa mgumu kama chokaa. Kilichokosekana ni kufahamu ni nani akaaye ndani ya ukoga huo.

Miongoni mwa wakazi wake yumo bakteria aitwaye Porphyromonas gingivalis. Hapendi hewa, hivyo hujificha chini ya ufizi, katika mfuko uliopo kati ya nyama na jino. Chakula chake ni protini, na madini ya chuma huyapata katika damu. Kwa hiyo ufizi utokao damu ni karamu yake. Hutoa vimeng'enya vikatavyo protini za mwili, na huvuruga askari wa mwili wasiweze kulinda mlango wao.

Mwaka 1988 ndipo alipopewa jina hilo la Porphyromonas. Lakini siri yake kubwa ilidhihirika baadaye. Mwaka 2011 wataalamu walionyesha kwamba panya waliotiwa bakteria huyu, hata kwa idadi ndogo sana, waliliwa mfupa wa taya. Panya waliokuzwa bila vijidudu vyovyote hawakudhurika walipotiwa bakteria huyo huyo. Maana yake ni kwamba yeye hafanyi uharibifu peke yake. Ni mchochezi: huingia katika jamii ya vijidudu iliyotulia, akaigeuza kuwa adui wa mwenyeji wake.

Je, madhara hayo huishia kinywani? Hapa yapasa kusema kweli bila kuongeza chumvi. Uhusiano na kisukari ndio ulio wazi zaidi, nao ni wa pande mbili: kisukari kisichodhibitiwa huzidisha ugonjwa wa fizi, na ugonjwa wa fizi hufanya sukari iwe ngumu kudhibiti. Wagonjwa wa kisukari waliotibiwa fizi kwa ukamilifu wameonekana kushuka kipimo cha wastani wa sukari, kwa kiasi kisichofika nusu ya asilimia moja. Si kiasi kikubwa, lakini si cha kutupwa.

Kuhusu moyo, vipande vya bakteria huyu vimekutwa ndani ya mishipa iliyoziba. Hata hivyo Chama cha Moyo cha Marekani kilitamka mwaka 2012 kwamba uhusiano upo, ila haijathibitishwa kuwa fizi ndizo chanzo. Mwaka 2019 ilitangazwa kwamba dalili zake zimeonekana katika ubongo wa watu waliokuwa na ugonjwa wa kusahau uitwao Alzheimer. Dawa iliyotengenezwa kuzuia vimeng'enya vyake ilijaribiwa, na mwaka 2021 ikaonekana haikufikia lengo. Basi muuzaji atakayedai kwamba dawa yake ya meno hutibu moyo au ubongo asisadikiwe.

Lakini ukweli huo usigeuzwe kisingizio cha uzembe. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2022 kwamba watu zaidi ya bilioni moja wana ugonjwa mkali wa fizi. Hata kama ugonjwa huo ungeishia kinywani tu, kupoteza meno ni kupoteza chakula, usemi na heshima.

Nchi hii ina historia ya kushinda mambo ya namna hii kwa elimu. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, wananchi walikusanyika katika vikundi kusikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Mazimbu nayo, karibu na mji wa Morogoro, ni shahidi. Wapigania uhuru wa Afrika Kusini walipopewa shamba lile la zamani la mkonge, hawakungoja uhuru ndipo wajali afya. Walijenga shule, na mwaka 1984 ikafunguliwa hospitali kwa mshikamano wa watu wa Uholanzi. Mwaka 1992 vyote vikakabidhiwa kwa Tanzania, na leo hapo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Ikiwa watu walio uhamishoni waliweza kupanga afya pamoja na masomo, watu walio nyumbani kwao wana udhuru gani?

Mwalimu anaweza kutenga dakika chache kuwaonyesha wanafunzi namna ya kusugua mpaka kwenye mstari wa fizi, kwa mswaki wa dukani au wa mti. Mtumishi wa serikali anaweza kwenda kuondolewa ugaga kabla ya kuumwa, kwa maana mswaki hauwezi kuuondoa ukisha kuwa mgumu. Nao wapangao huduma za afya waache kukihesabu kinywa kuwa mahali pa koleo tu. Mwenye kisukari aulizwe habari za fizi zake, na mwenye fizi zilizooza apimwe sukari. Jambo hilo halihitaji mtambo kutoka ng'ambo. Lahitaji swali moja tu, liulizwe kwa wakati wake.