Likizo ya Mlimani si Ofisi

Likizo ya kwanza ya kupanda mlima humtaka mhandisi wa programu aiache kazi nyumbani. Hoja iliyochapishwa kwamba anaweza kupanda huku akiendelea na kazi, kwa kuwa shirika la mawasiliano la TTCL lilifikisha intaneti ya kasi Kilimanjaro mwaka 2022, inapotosha, tena ni ya hatari.

Ruangwa na Nachingwea, wilaya za kusini mwa Tanzania zinazolima korosho, ziko nyanda za chini. Mhandisi anayetoka huko huanza kukabiliwa na ugonjwa wa mwinuko akishapita takriban mita 2,500, na kituo cha Horombo, mlimani Kilimanjaro, kiko mita 3,720. Wengi huumwa kichwa, hukosa usingizi, na umakini hupungua. Kileleni Uhuru, mita 5,895, mgandamizo wa hewa ni karibu nusu ya ule wa pwani. Akili iliyochoka hivyo isiguse kabisa mfumo unaobeba malipo ya wakulima wa korosho. Mtandao wa mlimani una kazi bora zaidi: kuita waokoaji.

Sheria nayo iko wazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatoa siku 28 za likizo ya mwaka, na inamkataza mwajiri kumfanyisha kazi aliye likizoni bila ridhaa yake.

Hoja hiyo inadai pia kuwa aliyejitenga na kazi hurejea kwa tabu. Tabu hiyo huzaliwa na makabidhiano mabovu. Mwenzake akiachiwa maelezo yaliyoandikwa na ruhusa za kuingia kwenye mfumo, siku ya kwanza kazini hutosha kusoma kumbukumbu za hitilafu na mabadiliko yaliyofanywa, kabla ya kugusa msimbo wowote.