Bibi amepotelea wapi kwenye hesabu?

Chukua nyumba moja ya wakulima wa kahawa pale Ruanda, mkoani Songwe, wakati wa mavuno. Jioni lazima ijulikane nani kachuma madebe mangapi, maana malipo ni kwa debe. Binti wa kidato cha pili, aliyeanza kujifunza lugha ya kompyuta iitwayo Python, anaomba simu. "Baba, leo hesabu naifanya mimi." Anatazama daftari na kuandika orodha mbili:

majina = ["Mama", "Kaka", "Shangazi", "Bibi"]
madebe = [6, 7, 3]
for jina, debe in zip(majina, madebe):
    print(jina, debe)

Hiyo zip ni zipu ile ile ya sweta, ambayo watoto wa Mbozi wanaijua vizuri kwa baridi ya Juni. Meno ya upande huu yanakutana na ya upande ule: jina la kwanza na namba ya kwanza, la pili na ya pili. Simu inajibu:

Mama 6
Kaka 7
Shangazi 3

Binti anafurahi. Bibi anauliza, "Na mimi je, mjukuu wangu?"

Kumbe madebe 4 ya kaka hayakuandikwa. Zipu ya sweta ikikosa jino hugoma, lakini Python haigomi. Orodha fupi ikiisha, inaishia hapo kimya kimya, bila onyo lolote. Na kupotea kwa bibi ndiyo nafuu, kwa sababu kumeonekana. Kaka amepewa madebe 7 ya shangazi, na shangazi amebaki na 3 ya bibi. Bibi angekuwa amelala, shangazi angelipwa pungufu ya madebe manne na asijue ni kwa nini.

Tangu toleo la 3.10, lililotoka mwaka 2021, ipo kinga: zip(majina, madebe, strict=True). Orodha zikipishana urefu, programu inatoa ujumbe wa kosa. Mtoto asishangae, mistari mitatu ya mwanzo itatokea kwanza, halafu ndipo kosa lije. Mistari hiyo isiaminiwe.

Lakini strict inaangalia idadi tu. Namba zikiwa nne ila zimepangwa vibaya, itazipitisha zote, kwani Python haimjui kaka wala shangazi, inajua nafasi ya kwanza na ya pili. Hapo ndipo mzazi asiyejua kompyuta anapohitajika. Ashike daftari, asome kila jina na namba yake kwa sauti, mtoto afuatishe kwenye simu.

Baba anasoma. "Kaka, manne." Binti anairudisha 4 mahali pake, kati ya 6 na 7, na safari hii mistari inatokea minne. Wa mwisho unasema: Bibi 3.

"Haya," anasema bibi, "sasa nilipeni."