Spika za Sebuleni: Zako, Zake au Zenu?

Mwezi huu tunaingia sebuleni, kwenye ule ugomvi mdogo ambao nyumba nyingi za vijana zinaujua. Mmoja anataka muziki mtamu wa Jumapili, mwenzake anataka mpira na filamu. Pesa ni moja, ukuta ni mmoja. Mnanunua nini?

Kwetu mimi ndiye wa muziki, mume wangu ndiye wa runinga, kwa hiyo mada hii naijua vizuri tu.

Tuanze na runinga yenyewe. Hizi bapa za siku hizi ni nyembamba mno, spika zake ndogo zimefichwa chini au nyuma. Sauti inakwenda ukutani badala ya kuja kwako. Ndiyo maana maongezi ya filamu huyasikii, unaongeza sauti, halafu bomu likilipuka unakimbilia rimoti kabla mtoto hajaamka.

Ukienda dukani utaoneshwa boksi la 5.1, yaani spika tano na sabufa moja. Si kitu kibaya. Ile spika ya katikati ndiyo hubeba maongezi. Lakini kwenye boksi la bei nafuu hela yako imegawanywa mara sita, na nyimbo nyingi tunazosikiliza zimetengenezwa kwa njia mbili tu: kushoto na kulia. Saundibaa nayo haili nafasi na inasaidia maongezi, ila spika zake zimebanana pamoja, kwa hiyo muziki unakosa upana.

Ushauri wangu kwa wanaotaka vyote viwili kwa bajeti ya kawaida: nunueni spika mbili nzuri na amplifaya ndogo. Sabufa itafuata mkijaliwa.

Mnadhani stereo ni ya muziki peke yake? Inasimuliwa kwamba mhandisi Mwingereza Alan Blumlein alikwenda sinema na Doreen, aliyekuja kuwa mkewe, akakerwa kuona mwigizaji yuko upande huu wa pazia na sauti inatokea kwingine. Akamwambia Doreen anayo dawa yake. Desemba 1931 aliomba hataza ya mfumo wa njia mbili. Kwa hiyo tangu mwanzo filamu na muziki vimelala kitanda kimoja!

Sasa mpango wa sebule. Spika mbili na kochi lenu vitengeneze pembetatu yenye pande zinazokaribiana urefu, spika zikiwa usawa wa masikio. Mkikaa katikati, sauti ya mwigizaji itaonekana kutoka kwenye runinga yenyewe, ingawa pale hapana spika. Msizisukume kwenye kona, besi itavimba na kumeza maneno. Sakafu ya vigae na kuta tupu zinarudisha mwangwi. Zulia na mapazia mazito vinasaidia sana.

Amplifaya iwe na tundu la HDMI lenye maandishi ARC, ili sauti ya runinga ipite humo na rimoti moja itoshe. Kwenye mipangilio ya sauti ya runinga chagueni PCM, la sivyo amplifaya ya stereo inaweza kukaa kimya. Blutuu iacheni kwa nyimbo za simu, kwa sababu mara nyingi huchelewesha sauti, mdomo ukafunga neno ndiyo linafika.

Na zile wati elfu kadhaa za PMPO zilizoandikwa kwenye boksi? Zisikutie kiwewe, ni tambo za biashara. Uliza wati za RMS.

Lakini siri kubwa haiko dukani. Kabla ya kutoka nyumbani kubalianeni kiasi cha pesa, na kila mmoja abebe kipimo chake: wewe wimbo unaoujua hadi pumzi ya mwimbaji, yeye kipande cha filamu chenye maongezi ya chini chini. Spika isiyofaulu mitihani yote miwili ibaki pale pale. Kifaa kinachomfurahisha mmoja tu, mwenzake atakisikia kama kelele kila siku, na kelele hiyo haina rimoti.

Kikao kwanza, duka baadaye. Tukutane mwezi ujao!