Kalibu ya Risasi na Upana wa Uchochoro

Jioni moja, baada ya kuswaliwa alasiri, nilikuwa nimeketi Soko Muhogo, hapa Mji Mkongwe wa Unguja, pale panapoitwa Jaws Corner, kikombe cha kahawa mkononi, ndipo kijana mmoja aliyekuwa akichezea simu yake alipoinua uso na kumuuliza mzee aliyekuwa kando yangu: "Maalim, ati polisi wa Marekani wamekwisha kuirudia bastola ya milimita 9. Sisi hapa polisi wetu hubeba kalibu gani?" Mzee akacheka, akamjibu: "Mwanangu, wa kwetu hapa uchochoroni hubeba rungu, na anayelinda benki hubeba SMG. Baina ya hivyo viwili hapana kitu." Baraza zima likacheka, kisha wakaendelea na habari za bei ya samaki; lakini mimi jawabu lile lilinikaa moyoni hata nikaona bora niliandikie makala, maana ndani yake mna jambo ambalo wakubwa wetu wa usalama wangefaa kulitafakari.

Nianze na neno lenyewe. Kijana yule alidhani amelikopa kutoka kwa Wazungu, ilhali wengi wa wajuzi wa lugha wanasema ni Wazungu waliolikopa kwa Waarabu, kwa neno *qālib*, ambalo nasi tunalo tangu zamani za mababu kwa maana ya chombo kinachomiminiwa madini yaliyoyeyushwa yakapata umbo, na wahunzi wa pwani wakilitumia khasa kwa kalibu ya kusubia risasi. Hata risasi yenyewe ni neno la Kiarabu, nalo maana yake si nyingine ila madini yenyewe ya risasi. Basi kalibu ni kipimo cha upana wa kasiba ya bunduki na cha unene wa kinachopita humo, na watu wengi, wa Soko Muhogo na wa Ulaya sawasawa, hudhani kwamba kilicho kinene ndicho kikali.

Zamani dhana hiyo haikuwa mbali na kweli. Askari wa Sultani Seyyid Barghash, aliowafunza Mwingereza Lloyd Mathews tangu mwaka 1877, walishika bunduki za Snider zilizotoka Uingereza, na tundu la Snider lilikuwa la inchi 0.577, karibu milimita 15. Baadaye wakaja Waingereza na himaya yao, na pamoja nao bunduki ya inchi 0.303, ambayo ni karibu nusu ya upana ule, na juu ya hayo ikirusha mbali zaidi na kwa nguvu zaidi, kwa kuwa baruti ilikuwa imegeuka. Maofisa wa Kiingereza katika makoloni yao walikuwa aghalabu wakijifunga kiunoni rivolva ya Webley, kwanza ya inchi 0.455, kisha ile nyepesi ya 0.38, lakini askari wa kawaida hakupewa bastola, kwa sababu bastola ilikuwa alama ya daraja zaidi kuliko ilivyokuwa silaha.

Na zile bunduki za askari wa kawaida, tunajua zilikoishia. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari 1964, uhuru wa Disemba ukiwa na umri wa siku 33 tu, watu waliokuwa na mapanga, mikuki, pinde na mawe waliiendea kambi ya polisi ya Ziwani, John Okello akiwaongoza, na wengine wakaiendea ile ya Mtoni. Ghala ya silaha ilipovunjwa, mwenye panga akawa mwenye bunduki, na kabla jua halijachwa Sultani Jamshid alikuwa baharini. Siyasemi haya kwa kutonesha vidonda, wala kwa kuhukumu nani alikuwa na haki. Nayasema kwa sababu hapana mji Afrika Mashariki uliojifunza kwa gharama kubwa kuliko huu wetu kwamba silaha ya polisi ina masuala mawili, la kwanza namna inavyoua na la pili namna inavyofungiwa, na kwamba hili la pili ndilo lililotugeuzia tarikhi.

Leo kilicho mikononi mwa askari tunayemwona mlangoni mwa benki au nyuma ya gari la doria ni bunduki ya jamii ya Kalashnikov, ambayo katika taarifa za polisi wetu huitwa SMG. (Jina hili, kwa hakika, ni la makosa, kwani herufi hizo huko zilikotoka ni za bunduki ndogo inayotumia risasi za bastola, na Kalashnikov haikuwa hivyo hata siku moja, lakini jina likishazoeleka halina wa kuling'oa.) Bastola utaiona kwa ofisa au mpelelezi, mara kwa mara imefichwa chini ya shati. Kwa jirani zetu wa Kenya mambo ni mengine kidogo: huko bastola ya Ceska na ya Jericho, zote za milimita 9, zimekuwa mashuhuri katika magazeti kama majina ya wachezaji mpira.

Hapa ndipo penye ajabu ambayo nilitamani kumweleza kijana yule. Risasi ya Kalashnikov ni ya milimita 7.62, ya bastola ni ya milimita 9. Kwa hesabu ya kalibu, ya bastola ndiyo nene. Lakini ganda la risasi ya bastola lina urefu wa milimita 19, na la Kalashnikov milimita 39, na tofauti hiyo yote imejaa baruti. Kwa hiyo ile nene hutoka kasibani kwa mwendo wa kama mita 360 kwa nukta moja, na ile nyembamba kwa mita zaidi ya 700, ikiwa na nguvu takriban mara nne. Aliyetunga risasi ya milimita 9, Mwaustria Georg Luger, mwanzoni mwa karne iliyopita, alikusudia mtu wa karibu. Waliotunga ile ya Kalashnikov walikusudia uwanja wa vita, adui akiwa hatua mia tatu.

Wamarekani nao walizunguka sana kabla ya kufika walipofika. Tarehe 11 Aprili 1986, huko Miami, wapelelezi wa FBI walipambana na majambazi wawili. Wapelelezi wawili wakauawa, na ikaonekana kwamba risasi moja ya milimita 9 ilimwingia jambazi mmoja ikasita kabla ya kuufikia moyo, naye akaendelea kupiga. Lawama zote wakaitwika kalibu. Wakatunga iliyo nene zaidi, ya inchi 0.40, iliyotoka mwaka 1990, na idara za polisi kwa maelfu zikaifuata. Kisha baada ya robo ya karne FBI ikarudi pale pale kwenye milimita 9, kwa kuwa ilidhihirika kwamba ile nene huurusha mkono, askari huikosa shabaha, na risasi iliyokosa, iwe nene namna gani, haina faida isipokuwa kumtafuta asiyehusika. Gharama ya somo hilo wamekwisha kuilipa wao, na sisi tunaweza kulichukua bure.

Sasa na tuutazame Mji Mkongwe. Vichochoro vyetu vingi, mtu akinyoosha mikono yote miwili hugusa kuta za pande zote. Kuta zenyewe ni za mawe ya matumbawe na chokaa, kona zisizohesabika, baraza zimejaa wazee wanaocheza bao, watoto watoka chuoni na misahafu kifuani, na mtalii amepotea njia ya Forodhani kwa mara ya tatu. Mwivi hapa hakimbii hatua mia tatu mbele ya macho yako. Hukimbia hatua kumi, akakunja kona. Risasi iliyotungwa kwa uwanja wa vita ikifyatuliwa mahali kama hapa, ama itapiga jiwe ikaruka isikojulikana, ama itapita katika mwili wa iliyemkusudia na kuendelea na safari yake hadi kwenye mlango wa jirani, na mlango wa mbao haukuwekwa kuzuia kitu cha namna hiyo. Swali la kwanza la silaha katika mji huu, basi, ni wapi risasi itakaposimama.

Wala tusijifanye kwamba jambo hili ni la kubuni. Tarehe 26 na 27 Januari 2001, polisi walipotumwa kuwazuia waandamanaji hapa Unguja na Pemba, risasi za moto zilitumika, na shirika la Human Rights Watch katika ripoti yake ya mwaka 2002 lilihesabu waliouawa kuwa si chini ya 35, wengi wao Pemba. Askari aliyepewa bunduki ya vita na hakupewa kitu kingine chochote, siku ya ghasia huwa ana jawabu moja tu mkononi.

Najua nitajibiwa kwamba majambazi wa siku hizi nao wana bunduki, na kwamba Julai 2015 kituo cha polisi cha Stakishari, Dar es Salaam, kilivamiwa, askari wakauawa na silaha zikachukuliwa. Ni kweli, na wale askari waliokufa ni wa kuombewa rehema. Lakini tazama kilichochukuliwa: ni zile zile bunduki nzito zilizokuwamo kituoni, mambo ya Ziwani kwa mara ya pili. Sisemi jeshi la polisi lisiwe na Kalashnikov. Nasema ikae ghalani, chini ya kufuli na daftari, itoke kwa amri ya ofisa anayejulikana jina, kwa tukio linalojulikana, na anayelinda mlango wa benki ya Shangani apewe bastola ya milimita 9 na mazoezi ya shabaha ya kutosha, kwani bastola ni silaha ngumu kuliko bunduki na asiyeizoea ni hatari kwa nafsi yake.

Na hili si jambo la kulipeleka Baraza la Wawakilishi, kwa kuwa polisi ni jambo la Muungano tangu mwaka 1964. Mwenye amri ni Inspekta Jenerali, na kwa huku visiwani ni Kamishna aliyeko Ziwani. Kanuni za Umoja wa Mataifa zilizopitishwa Havana mwaka 1990, katika kanuni ya 11, zinazitaka serikali zitaje bayana ni silaha na risasi za aina gani askari anaruhusiwa kubeba na katika hali gani, zikataze zile zenye kuleta hatari isiyo ya lazima, na ziweke utaratibu wa kuzihifadhi na kuzitoa. Namwomba Kamishna, kwa heshima zote zinazomstahiki, atutangazie wananchi utaratibu huo kwa Kiswahili, ubandikwe katika kila kituo kuanzia Malindi hadi Makunduchi, na kila mwisho wa mwaka atuambie risasi ngapi zilitoka ghalani, ngapi zilirudi, na zile ambazo hazikurudi zilimwendea nani.