Ukiacha chupa, jioni utaijaza na nini?

Ndugu msomaji, kuna swali moja ambalo daktari huenda asikuulize unapomwambia kwamba umeamua kuacha pombe. Atakupima shinikizo la damu, atakuagizia vipimo vya ini, atakushauri ule vizuri na ulale mapema. Lakini ni nani atakayekuuliza hili: Ijumaa saa kumi na moja jioni, mshahara ukiwa mfukoni na wenzako wakielekea pale mnapokutana siku zote, wewe utakwenda wapi?

Nauliza kwa sababu mimi ni miongoni mwa walioshindwa na swali hilo mara mbili. Mara ya kwanza nilistahimili wiki tatu. Mara ya pili nilifika miezi miwili. Mara zote hizo, kilichonirudisha hakikuwa kiu. Ilikuwa ile jioni tupu. Nilikuwa nikikaa kitini natazama ukuta, naye mama watoto akinitazama mimi, na kila mmoja wetu alijua ninachokiwaza.

Mara ya tatu niliokolewa na sinema mbaya.

Usinicheke kwanza. Mpwa wangu, kijana anayependa sinema za zamani, alinipitia Ijumaa moja na kuchomeka flashi yake kwenye runinga. "Mjomba," akasema, "hii imeharibika mpaka ikawa tamu." Sinema yenyewe inaitwa Monster Dog, ya mwaka wa 1984. Ilipigwa nchini Uhispania na mwelekezi Mwitaliano, Claudio Fragasso, ambaye baadaye alitengeneza Troll 2, sinema ambayo wengi huihesabu miongoni mwa zile mbaya kupita zote duniani. Nyota wake ni Alice Cooper, mwanamume licha ya jina hilo, yule mwanamuziki wa roki kutoka Marekani ajulikanaye kwa kujipaka rangi nyeusi machoni na kupanda jukwaani na nyoka shingoni.

Hadithi si ngumu. Mwanamuziki mashuhuri anarudi na wenzake katika nyumba alikozaliwa ili kupiga video ya wimbo wake. Wanakuta mbwa wakali wanashambulia watu, na wanakijiji wanakumbuka kwamba babake aliuawa kwa kudhaniwa kuwa mtu ageukaye mbwamwitu usiku. Sasa wanamtazama mwana kwa jicho lile lile. Pesa za kutengenezea sinema zilikuwa haba, na hilo halijifichi. Moshi unafuka kila pembe hata mahali pasipo na moto. Jitu lenyewe likitokea, unaona wazi kwamba ni kichwa cha bandia. Na ajabu kuu ni kwamba Cooper akizungumza, sauti unayoisikia si yake. Ilitiwa baadaye na mtu mwingine. Midomo inakwenda huku, maneno yanakwenda kule. Ni katika nyimbo tu ndipo unapomsikia mwenyewe.

Tulicheka, ndugu msomaji, mpaka mama watoto akatoka jikoni na mwiko mkononi kuuliza kumetokea nini, kisha naye akaketi. Sinema ilipokwisha ilikuwa karibu saa nne usiku. Nilitazama saa ukutani, nikagundua kwamba tangu saa mbili sikuwa nimeifikiria chupa hata mara moja.

Baadaye ndipo nilipojua kwamba sinema hiyo ilimhusu mlevi mwenzangu kuliko nilivyodhani.

Cooper alikuwa mnywaji wa kupindukia. Katika miaka ya sabini yeye na wanamuziki wenzake walikuwa na kundi lao la kunywa huko Los Angeles, wakijiita Hollywood Vampires. Mwaka wa 1977 alilazwa hospitalini New York ili aachishwe pombe, na yale aliyoyaona humo akayatungia albamu iliyotoka mwaka wa 1978. Lakini alirudia. Mwaka wa 1983 alilazwa tena, safari hii ini likiwa limeanza kuota makovu. Alipotoka hakunywa tena, na hadi leo anahesabu zaidi ya miaka 40 bila tone.

Sasa tazama tarehe. Monster Dog ni miongoni mwa kazi zake za kwanza baada ya kutoka hospitalini. Mwenyewe amewahi kueleza kwamba alitaka kujua kama anaweza kufanya kazi akiwa na akili timamu, tena katika sinema ndogo isiyotazamiwa makuu. Huyo mtu unayemcheka pale kwenye moshi, akisemewa na sauti ya mtu mwingine, alikuwa akijifunza kutembea upya. Aliamka asubuhi, akaenda kazini, akarudi bila kulewa. Kwa mtu aliyepitia njia hiyo, huo ni ushindi kuliko tuzo yoyote.

Hakuishia hapo. Aliichukua gofu akaicheza karibu kila siku, na mwaka wa 2007 akatoa kitabu kinachoeleza jinsi mchezo huo ulivyochukua nafasi ya pombe katika maisha yake. Alijua jambo ambalo wengi wetu hatuambiwi: pombe haikai tumboni na kwenye damu tu, hukaa pia katika ratiba. Ukiitoa, inaacha shimo la saa tano au sita kila siku. Usipolijaza shimo hilo kwa makusudi, litajijaza lenyewe, nawe wajua kwa nini.

Wapo watakaoniambia kwamba mtu mzima hana haja ya kupoteza wakati kwa upuuzi wa majitu ya bandia. Asome kitabu cha maana, au aende kwenye ibada. Sina ubishi na kitabu wala ibada. Lakini mtu aliyeacha pombe juzi hawezi kutulia na kitabu kizito. Mikono haitulii, mawazo hayatulii. Anahitaji kitu chepesi, kisichomdai chochote, kinachoweza kumweka sebuleni pamoja na watu wake. Sinema nzuri hutaka uinyamazie. Sinema mbaya inakuruhusu uongee, ubishane, ucheke na jirani yako kitini. Mlevi ambaye kwa miaka mingi alichekea baa anagundua kwamba kicheko kipo nyumbani pia, na asubuhi yake haina maumivu ya kichwa. Ila watoto wadogo wapelekwe kulala kwanza, kwani damu ya bandia huwatisha kama damu ya kweli.

Hata hivyo, nisieleweke vibaya. Sinema si dawa. Ikiwa umekunywa sana kila siku kwa muda mrefu, usiache ghafla peke yako nyumbani. Mwili uliozoea pombe ukikatiziwa waweza kutetemeka, kutoka jasho jingi, kuona vitu visivyokuwapo, hata kupatwa na kifafa, hasa katika siku nne za kwanza, na watu hufa kwa sababu hiyo. Mwone daktari kwanza. Wala usimeze vidonge vya kukusaidia kuacha bila uangalizi. Keith Moon, mpiga ngoma wa bendi ya The Who na mmoja wa wale wenzake Cooper wa kunywa, alifariki Septemba 1978 akiwa na miaka 32 tu. Hakuuawa na chupa usiku huo. Alizidisha vidonge alivyoandikiwa ili vimsaidie kuacha pombe.

Na kama huna wa kumwambia, NACADA wana nambari ya simu isiyolipiwa, 1192. Yapo pia makundi ya watu walioacha, wanaokutana kila wiki kuambiana ukweli.

Hayo ndiyo matibabu. Ninachosema mimi ni kuhusu saa zinazobaki baada ya matibabu. Kwa hiyo, wewe unayemuuguza mume, kaka au dada aliyeacha pombe, usimwachie ukuta autazame. Na wewe uliyeacha, panga Ijumaa yako kuanzia Jumatano: nani atakuja, mtatazama nini, chai itapikwa na nani. Kwangu mpwa bado huja na flashi yake, na kadiri sinema inavyokuwa mbaya ndivyo tunavyomkaribisha. Huu ni mwaka wa sita.