Wavuvi wa Burudani na Sheria za Maji

Siku za mapumziko, kabla jua halijachomoza, magari hujipanga ufukoni La Jolla, kitongoji cha mji wa San Diego katika jimbo la California, Marekani. Watu hushusha kayaki za plastiki, huzikokota mchangani kwa magurudumu madogo, hufunga fito za kuvulia nyuma ya viti, kisha huvuka mawimbi kwa kafi. Uvuvi kwao ni burudani. Riziki yao inatoka katika kazi nyingine. Samaki wakipatikana, ni kitoweo na sifa. Wasipopatikana, nyumba haitalala na njaa.

Mahali hapo pamechaguliwa kwa sababu za kisayansi. Korongo refu lililo chini ya bahari linaanzia mita mia chache tu kutoka pwani, na kando yake imeota misitu ya mwani mkubwa ambao, hali ikiwa nzuri, hurefuka kwa kiasi cha nusu mita kwa siku moja. Samaki wakubwa, wakiwamo wa jamii moja na kolekole, hufuata chakula kwenye kingo za korongo na katika misitu hiyo. Kwa hiyo samaki ambao kwingineko hufuatwa kwa mashua za injini, hapo hufikiwa kwa nguvu za mikono. Sehemu ya maji iliyo mbele ya ufuko ni hifadhi ambamo uvuvi umekatazwa tangu mwaka 2012, na mvuvi hulazimika kupiga kafi mpaka nje ya mipaka yake kabla ya kutupa ndoana.

Burudani hii ina mengi ya kusifiwa. Haichomi mafuta, haipigi kelele, huimarisha mwili, na humfundisha mtu wa mjini kuitazama bahari kwa makini. Hata hivyo imezaa hatari ambayo haistahili kufumbiwa macho: watu wengi wamepata chombo kabla ya kupata elimu ya chombo hicho. Fedha nyingi hutumika kununua kayaki, fito na kipima kina cha kutafutia samaki, huku jaketi la kujiokolea likifungwa nyuma ya kiti kama mzigo wa ziada. Jaketi la namna hiyo halimsaidii mtu, na sababu zake zinafahamika vema kwa sayansi.

CHOMBO NA ASILI YAKE

Kayaki haikuundwa kwa ajili ya mchezo. Wainuit na watu wengine wa nchi za baridi za kaskazini waliiunda kwa karne nyingi kwa magogo yaliyoletwa na maji, kwa mifupa na kwa ngozi za sili, ili kuwinda wanyama wa baharini. Mwindaji aliketi ndani ya tundu, na vazi lake la ngozi likafungwa kwenye ukingo wa tundu hilo ili maji yasiingie. Chombo kilikuwa chembamba na chepesi kupinduka, lakini mwindaji alikuwa amejifunza kukiinua tena kwa kafi bila kutoka ndani yake. Usalama wake ulikaa katika mafunzo kuliko katika chombo chenyewe.

Kayaki ya mvuvi wa burudani ni ya namna nyingine. Ni pana, na mvuvi huketi juu yake badala ya ndani. Matundu yaliyopenya kutoka juu hadi chini huyaacha maji ya mawimbi yatiririke na kurudi baharini. Mtindo huu ulianzia pwani ya California katika miaka ya 1970, na uzuri wake ni kwamba mtu asiye na mafunzo yoyote aweza kuikalia na kuondoka siku hiyohiyo. Ubaya wake pia ni huohuo. Chombo kimefanywa rahisi, lakini bahari ni ileile waliyoijua wawindaji wa sili.

Waswahili husema vyaelea vimeundwa, na ngalawa ni ushahidi mzuri. Gogo lake jembamba, likiachwa peke yake na tanga lake, lingepinduka kwa pigo la kwanza la upepo. Mirengu na ndubi huuweka ueleaji mbali na gogo, hivyo chombo kinapolalia upande mmoja, ndubi inayozama husukumwa juu na maji kama mtu anayebonyeza ncha ya wenzo mrefu. Kayaki haina ndubi. Utulivu wake hutegemea upana wake na mahali kilipo kitovu cha uzito wa mtu na mizigo yake. Mvuvi anaposimama ili aone mbali, kitovu hicho hupanda. Anapoinama ubavuni kumtoa samaki majini, kitovu husogea kando. Kikishapita mpaka ambao ueleaji waweza kukihimili, chombo hupinduka ghafla. Zaidi ya hayo, upana unaotuliza chombo katika maji shwari hukifanya kiinamie mteremko wa wimbi mara bahari inapochafuka.

UPEPO UNAODANGANYA

Ni jambo la kufikirisha kwamba ufuko huohuo wa La Jolla ni makao ya taasisi maarufu ya elimu ya bahari, Scripps, iliyoanzishwa mwaka 1903. Hapo ndipo Harald Sverdrup na mwanafunzi wake Walter Munk, wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, walipotengeneza njia ya kutabiri mawimbi, njia iliyotumika kupanga siku za kuteremsha majeshi pwani. Msingi wake waweza kuelezwa kwa maneno machache: ukubwa wa wimbi hutegemea kasi ya upepo, muda unaovuma, na urefu wa eneo la maji unalopitia.

Jambo hili la tatu ndilo linalowaponza wengi. Upepo unapovuma kutoka bara kwenda baharini, maji yaliyo karibu na pwani hubaki laini kama mafuta, kwa kuwa upepo haujapata nafasi ya kuinua mawimbi na miamba ya pwani huukinga. Mvuvi hutazama maji hayo, akaona siku imetulia. Hupiga kafi bila taabu, maana upepo uko mgongoni mwake. Baada ya mwendo wa kilometa mbili hugundua kwamba mawimbi yamekua, na kwamba kurudi ni kupigana na upepo uleule uliomleta. Huko California uko upepo mkavu uitwao Santa Ana, ambao hutoka jangwani na kuteremkia baharini, hasa katika majira ya kupukutika majani na ya baridi. Siku zake aghalabu huwa za jua na anga safi, zenye kumvutia mtu wa likizo.

Hapa hesabu ni muhimu kuliko ushujaa. Kani ya upepo huongezeka kwa kipeo cha pili cha kasi yake: kasi ikizidi mara mbili, kani huzidi mara nne. Mtu wa kawaida akipiga kafi kwa saa nyingi hawezi kuzidisha mwendo wa kilometa 5 hivi kwa saa. Mtu huyo akikutana na upepo wa mbele wenye nguvu, hufika mahali ambapo jasho lote humfanya abaki pale alipo tu, na akipumzika hurudishwa nyuma.

DAKIKA YA KWANZA MAJINI

Chombo kinapopinduka, suala huhama kutoka elimu ya vyombo kwenda elimu ya mwili. Maji huondoa joto la mwili kwa haraka ya takriban mara 25 kuliko hewa ya baridi ileile. Uchunguzi wa wataalamu kama Michael Tipton wa Chuo Kikuu cha Portsmouth, Uingereza, umeonyesha kwamba hatari kubwa huja mapema zaidi kuliko watu wanavyodhani. Mtu akiangukia ghafla katika maji yenye joto la chini ya nyuzi 15 za Sentigredi, ngozi hupeleka habari ya baridi, na mwili hujibu kwa kuvuta pumzi kwa nguvu bila hiari. Mdomo ukiwa chini ya maji wakati huo, kinachovutwa ni maji. Moyo nao hupiga kwa kasi kubwa.

Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, ameifupisha hali hiyo kwa tarakimu tatu: 1, 10, 1. Dakika 1 ya kuimiliki pumzi, dakika 10 ambazo mikono bado yaweza kufanya kazi ya maana, na saa 1 kabla ya mtu kupoteza fahamu kwa kupoa mwili. Kwa tarakimu hizo yaonekana kwa nini jaketi lililofungwa nyuma ya kiti ni kazi bure. Katika dakika ya kwanza mtu hawezi kulifungua na kulivaa, naye anahema na kunyang'anyana na mawimbi. Hali akiwa amelivaa, jaketi lenye kani ya ueleaji ya nyutoni 50 humtosha mtu anayejua kuogelea kuinua uso wake juu ya maji, kwa sababu mwili wa binadamu majini huwa karibu hauna uzito.

Takwimu za Walinzi wa Pwani wa Marekani zinaunga mkono maelezo hayo. Mwaka 1 tu, wa 2023, watu 564 walikufa katika ajali za vyombo vya burudani nchini humo. Kati ya wale ambao sababu ya kifo chao ilijulikana, asilimia 75 walikufa maji. Na kati ya hao waliokufa maji, ambao habari za mavazi yao zilijulikana, asilimia 87 hawakuwa wamevaa jaketi.

HOJA ZA WANAOPINGA

Wapo wanaosema kwamba jaketi lina joto na huzuia mkono wakati wa kurusha ndoana. Malalamiko hayo yalikuwa na uzito siku za majaketi mazito ya merikebu. Yapo sasa yaliyokatwa mabegani mahususi kwa wapiga kafi. Wengine husema kwamba wanajua kuogelea. Lakini kuogelea kunahitaji pumzi na mikono, na hivyo viwili ndivyo vinavyonyang'anywa kwanza na baridi. Aidha kayaki tupu, ikisukumwa na upepo, hukimbia kuliko mwogeleaji.

Hoja nzito zaidi ni ile ya uhuru: mtu mzima anayekwenda kujiburudisha ana haki ya kuchagua hatari yake. Hoja hii yastahili kujibiwa kwa heshima. Mvuvi wa riziki huenda baharini hata siku ya mashaka, kwa sababu watoto wanamngoja. Anapima hatari ya maji dhidi ya hatari ya njaa, na hakuna mwenye haki ya kumdharau. Mvuvi wa burudani hana mizani hiyo. Anao utajiri ambao mwenzake hana, yaani hiari ya kutokwenda, na hiari ya kurudi mapema bila samaki. Anayeutupa utajiri huo kwa ajili ya picha ya samaki hatumii uhuru wake, anaupoteza. Tena anapopotea, waokoaji hutoka kumtafuta katika bahari ileile iliyomshinda, na wao hawakuichagua hatari hiyo.

SOMO KWA MWAMBAO WA AFRIKA MASHARIKI

Yamkini msomaji wa Tanga, Lamu au Unguja atauliza jambo hili la California linamhusu nini. Ni kweli kwamba maji ya mwambao huu yana joto la nyuzi 25 hadi 29, na ile pumzi ya ghafla si adui mkuu hapa. Lakini joto hilo bado ni la chini kuliko nyuzi 37 za mwili, na mtu aliyeelea usiku kucha hupoa. Upepo na maji havina taifa. Umande wa alfajiri hutoka bara kama ule wa La Jolla. Wenye ngalawa hutoka nao wakijua kwamba mchana upepo wa baharini utawarudisha, na wanajua pia ni majira gani ahadi hiyo haitegemewi.

Juu ya hayo, mwambao huu una jambo ambalo California haina kwa kiasi hicho. Siku za bamvua, kina cha maji hupanda na kushuka kwa mita 3 hadi 4. Maji hayo hayaendi kwa mwendo mmoja: takriban nusu yake yote hupita katika saa ya tatu na ya nne kati ya saa sita za kujaa au kupwa. Mwenye chombo kidogo anayejaribu kuingia kwenye mlango wa mwamba katika saa hizo mbili maji yakitoka, atapiga kafi pale pale. Akingoja, mlango utamfungukia wenyewe. Wavuvi wa mwambao wanayajua hayo kwa urithi. Jedwali la maji huyaeleza kwa tarakimu. Mtalii, mtumishi aliyehamishiwa pwani au kijana aliyekulia mjini hana urithi huo wala hasomi jedwali.

Kwa hiyo yafaa elimu hii ifundishwe pamoja na chombo. Anayekodisha au kuuza kayaki, mtumbwi au hori kwa ajili ya burudani amwonyeshe mteja, katika maji ya kifuani, jinsi ya kupinduka na kupanda tena, kabla ya kumruhusu kwenda mbali. Shule za pwani zifundishe jedwali la maji katika somo la hesabu, na kanuni ya Archimedes kwa mfano wa ndubi. Mwenye kwenda amwachie mtu wa nchi kavu habari ya aendako na saa ya kurudi. Na jaketi livaliwe ufukoni, kabla mguu haujalowa, kwa kuwa huko mbele hapatakuwa na nafasi ya kulivaa.