Gauni Jeusi la Ophelia

PAZIA WAZI
Na Rehema Mbaruku

Mwishoni mwa mwaka 1878, Hamlet ikifanyiwa mazoezi katika ukumbi wa Lyceum, London, mwigizaji wa miaka 31 alisema kwamba Ophelia akirukwa na akili, yeye angependa kumcheza ndani ya gauni jeusi. Mshauri wa jukwaa, mkongwe wa fani, nusura azimie. Katika tamthilia hii, akamweleza, mwenye nguo nyeusi ni mmoja tu, naye ni Hamlet. Na Hamlet alikuwa Henry Irving, bosi wa ukumbi.

Ellen Terry akavaa nyeupe.

Kisa hicho alikisimulia mwenyewe katika kumbukumbu zake, tena kwa utani. Lakini ukikifuata nyuma na mbele, utamkuta humo Terry mzima: kipaji kilichojaza ukumbi, na kando yake mwanamume wa kuamua kipaji hicho kisimame wapi.

Alizaliwa Coventry mwaka 1847, mtoto wa waigizaji waliohama mji hadi mji. Akiwa na miaka 9 tayari alikuwa jukwaani London, Malkia Victoria akiwa miongoni mwa watazamaji. Baadaye kidogo akapewa Puck, yule kijini mtundu wa Shakespeare. Usiku mmoja, akichomoza kupitia mlango wa sakafuni, mlango ukajifunga mapema na kumvunja kidole cha mguu. Mtoto akapiga yowe. Mke wa mwenye kampuni akamnong'oneza: maliza maneno yako, mshahara tutauongeza maradufu. Akayamaliza, na nyongeza akaipata. Somo la malipo alilipata mapema kuliko wengi.

Mwaka 1864, wiki moja kabla ya kutimiza miaka 17, aliozwa mchoraji G. F. Watts aliyekuwa na miaka 46. Ndoa haikumaliza mwaka. Kisha akaishi na msanifu majengo Edward Godwin, wakazaa watoto wawili, na jukwaa akaliacha kabisa kwa miaka sita.

Kilichomrudisha ni shida. Siku moja gurudumu la kigari chake lilichomoka njiani huko mashambani, na mwandishi Charles Reade, aliyekuwa akiwinda karibu, akaruka ua na kumtambua. Akamsihi arudi kazini. Terry akajibu kwamba atarudi siku atakapolipwa pauni 40 kwa wiki. Reade akakubali hapo hapo. Mwaka uliofuata, 1875, alicheza Portia katika tamthilia ambayo wasomaji wetu wanaijua kwa jina la Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Nyerere, na London nzima ikawa inamzungumzia.

Tusimwonee Irving. Kwa zaidi ya miaka 20 alimlipa Terry vizuri, akazunguka naye Marekani, na hakumnyima fahari. Mwaka 1888, katika Macbeth, Terry alitokea amevaa gauni la kijani lililoshonewa mabawa halisi ya mbawakawa, yapata elfu moja, kila moja likimetameta kwenye mwanga wa jukwaani kama magamba ya nyoka. Mchoraji John Singer Sargent alipoliona hakutulia hadi amchore nalo, mikono imeinua taji juu ya kichwa. Picha hiyo ni mali ya Tate, London.

Ila michezo aliichagua Irving, na aliichagua kwa kujipimia mwenyewe. Rosalind, mhusika mcheshi na mwerevu kuliko wote aliowaandika Shakespeare kwa wanawake, ndiye Terry aliyemtamani maisha yake yote. Lakini tamthilia ya Rosalind haina nafasi kubwa ya kumtosha mwanamume mwenye ukumbi, basi Lyceum haikuigusa.

Irving alipewa cheo cha Sir mwaka 1895, mwigizaji wa kwanza kukipata. Terry aliitwa Dame mwaka 1925, miaka 30 baadaye, macho yake yakiwa yamefifia. Alifariki tarehe 21 Julai 1928 nyumbani kwake Smallhythe, Kent.

Gauni la mbawakawa linahifadhiwa hapo Smallhythe, na mwaka 2011 lilirudishwa baada ya mafundi kulitengeneza kwa zaidi ya saa 1,300. La Rosalind halikushonwa kamwe.